Hatua Kumi na Moja Kutoka kwenye Inveta

Bi Koili alikuwa amefika mzunguko wa mia moja na tisini na mbili mkwe wake alipotokea mlangoni mwa karakana. Mkwe alisimama, mikono nyuma, akanyamaza. Nyumba ile nzima iliijua sheria, kuanzia paka mpaka mwenye nyumba: anayehesabu mizunguko haamkiwi, haulizwi, haambiwi neno hata kama gauni lake linaungua. Waya wa shaba ulipita katikati ya vidole vyake, ukalala kwenye chuma cha transfoma ubavuni mwa wenzake, na midomo yake ikataja namba. Alikuwa anaitafuta mia mbili thelathini na nane.

Mkwe alijitahidi. Alivumilia mpaka mia mbili na tatu, ndipo yakamshinda.

"Mama, mtungi umefika robo."

Mkono ukasimama. Mia mbili na tatu, au na nne? Fundi mwingine angesema mzunguko mmoja una nini, shaba haina macho, songa mbele. Bi Koili alikuwa na kichwa kigumu kuliko nyundo yake. Kitu asichokuwa na hakika nacho hakukiingiza kwenye mashine. Akaanza kuufungua waya wote mpaka mwanzo. Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo.

"Shikamoo, mama," mkwe akasema, kwa kuwa sasa ilikuwa ruhusa.

"Marahaba. Hiyo robo itatufikisha wapi?"

"Muuguzi anasema kesho adhuhuri."

Mtungi wenyewe ulikuwa wa oksijeni, na ulikuwa wa mwisho. Mjukuu wa Bi Koili alikuwa na siku nne duniani, amekuja kabla ya wakati, na mapafu yake yalikuwa hayajajua kazi. Kituo cha afya kilikuwa na mashine nzuri ya kuvuta oksijeni hewani, ila mashine hiyo hula umeme, na nguzo za umeme zilikomea mbali na kituo. Jenereta lilikuwa limekufa wiki iliyopita. Paneli za sola zilikuwepo, na betri mbili kubwa zilikuwepo, maana vitu vya juu ya paa na barazani watu huviona. Kilichobaki ni inveta, ya kuugeuza umeme wa betri uwe umeme wa kuendesha mashine, nayo ilikuwa stoo, ndani ya boksi lenye lakiri, imenunuliwa mwaka juzi kwa ajili ya wodi ileile.

Bi Koili alikuwa mtu wa kwanza kuliomba boksi hilo. Muuguzi alimpa ufunguo. Ndani mlikuwa na matofali mawili, yametenganishwa kwa magazeti yasigongane.

"Kumbe mlijua," Bi Koili alisema.

"Kila tukifagia stoo tunalisogeza," muuguzi akajibu.

Ndiyo maana alikuwa karakana akijenga yake. Chuma cha transfoma alikitoa kwenye mashine ya kuchomelea iliyokwisha kufa. Transista ishirini na nne alizifunga kwa skrubu juu ya bamba nene la alumini alilolikata kwenye injini ya lori, ili zikipata joto zipate pa kulipeleka. Waya uliokwisha kuzungushwa, yaani koili, aliupaka vanishi unyevu usiingie, fyuzi akaweka nene kama kidole gumba, na vyote akavivika sanduku la chuma lililowahi kuwa kabati la mafaili. Mara ya nne hesabu ilifika mia mbili thelathini na nane, mkwe akiwa nje, ameuziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

Kesho yake saa nne asubuhi aliinyanyua inveta mpaka usawa wa kifua, akaiachia ianguke sakafuni. Ndiyo ilikuwa desturi yake kwa kila mashine: isiyostahimili kuanguka mbele ya fundi itamwangusha mwenyewe. Ilidunda, ikatulia, ikawaka. Wakaifunga kwenye pikipiki.

Saa tano na nusu mashine ya oksijeni ilinguruma. Mshale wa mtungi ulikuwa umeshaingia kwenye nyekundu. Muuguzi akauhamisha mrija, akamgeukia binti wa Bi Koili pale kitandani.

"Hujambo, mama mtoto?"

"Sijambo."

Inveta ikazima.

Bi Koili alishika fyuzi: nzima. Alishika nyaya: zimekaza. Betri zimejaa. Mbavu za mtoto zilikuwa zinabonyea ndani, na midomo inaanza kuwa ya wino. Muuguzi akaurudisha mrija kwenye yale masalia ya mtungi.

"Sijambo nini," binti akasema. "Mama, naogopa. Sijalala siku nne."

Inveta ikawaka.

Bi Koili aliitazama kidogo. Akamwambia muuguzi aishike koki ya mtungi asiiachie, kisha akasema, "Mimi nina miaka thelathini." Ikazima. "Hamsini na sita." Ikawaka. Akaona ni jambo linaloeleweka. Waya wa koili aliufungua mara tatu kwa ajili ya mzunguko mmoja asiouamini, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

"Inarekebishika?" mkwe akauliza.

"Inarekebishika. Itabidi niizime mpaka jioni."

Wote wanne wakautazama mshale wa mtungi. Swali hilo halikuulizwa tena.

Wodi ikazoea. Muuguzi alibandika karatasi chini ya ile ya kunawa mikono: HAPA HASEMWI UONGO. Siku ya kwanza wifi mmoja aliingia na kusema mtoto kanenepa, akatolewa nje kwa kiwiko. Siku ya pili muuguzi alichora mstari wa chaki ukumbini, hatua kumi na moja kutoka kwenye inveta, mbele ya chumba cha dawa, na tangu hapo jamaa walikuwa wakisimama nyuma ya mstari huo kuambiana hawajambo. Ndani ya mstari mtu akiulizwa hali alitaja mgongo, au mume, au alinyamaza.

Kila asubuhi binti aliuliza, "Atapona?"

"Sijui," muuguzi alijibu, na inveta ikaendelea kunguruma. "Jana alipumua mara sabini na tano kwa dakika. Leo sabini. Hilo nalijua."

Binti alilia, kisha akashukuru. Neno dogo ambalo halikuizima mashine lilikuwa bora kuliko faraja zote za ukumbini.

Siku ya tano alikuja mkuu wa kituo, amevaa koti, pamoja na mkaguzi mwenye faili. Mtungi ulikuwa mtupu tangu juzi. Tangazo la ukutani mkuu alilisoma. Alidhani linawahusu wagonjwa. Akaweka kiganja juu ya sanduku la chuma.

"Na hii ndiyo inveta yetu," akamwambia mkaguzi. "Tuliinunua mwaka juzi."

Inveta ikazima.

Bi Koili alimwona mjukuu wake akifungua mdomo, akitafuta, mbavu zikiingia ndani.

"Mkuu, iondoe kauli yako," akasema.

Mkuu alifumbua mdomo. Alimtazama mkaguzi, akamtazama mtoto, akaufumba. Jasho lilimtoka puani. Mtoto akawa wa kijivu. Mkuu akageuka, akatoka nje.

"Aliyeiunda ni huyu bibi," muuguzi akasema upesi. "Ile ya kununuliwa ni matofali mawili. Yapo stoo."

Inveta ikawaka. Ilichukua muda mrefu midomo ya mtoto kurudi rangi yake, na muda wote huo mkaguzi alisimama ameshika faili kifuani.

"Nimesikia," alisema hatimaye. "Inasikia mpaka wapi?"

Muuguzi akamwonyesha mstari. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wa kale. Ya kituo kile ilikuwa hatua kumi na moja. Mkaguzi alizitembea, akaruka chaki, akaketi kwenye benchi ambapo mkuu alikuwa anamsubiri. Kisha akamwita Bi Koili.

"Kifaa kisicho kwenye orodha hakikai wodini," mkuu alieleza kwa upole. "Tukiandika ni chako, kinatoka leo hii. Tukiandika ni chetu, wewe umekifanyia matengenezo tu, kinabaki."

"Ndivyo kanuni ilivyo, mama," mkaguzi akasema.

"Na matofali?"

"Matofali gani?" mkuu akauliza, na kule wodini mngurumo haukutikisika hata kidogo. "Tufunike kombe, mama, mwanaharamu apite."

Hasira ilimpanda Bi Koili. Alitamani kumshika mzee yule kwa koti lake, amburute hatua kumi na moja, amwambie sema tena. Lakini alijua ni nani angelipia. Aliomba kalamu, akaisoma karatasi yote, akasaini kwamba amekarabati inveta iliyonunuliwa na kituo. Mkuu akampa shukrani za kituo. Muuguzi akapewa ufunguo aende akalifunge boksi vizuri na kulirudisha mahali pake.

Bi Koili alirudi ndani ya mstari, akaketi kando ya kitanda. Gari la mkaguzi lilisikika likiondoka.

"Walitaka nini, mama?" binti akauliza.

"Saini yangu."

Inveta iliendelea kunguruma.

"Ya nini?"

Bi Koili aliinua macho kwenye saa ya ukutani. Akaweka vidole viwili juu ya kifua cha mjukuu wake, kifua kisichozidi upana wa kiganja, akasubiri mshale wa sekunde ufike juu.

"Moja," akasema. "Mbili. Tatu."

Binti, aliyezaliwa na kukulia karakana, alifunga mdomo.

Dakika ilipotimia hesabu ilikuwa imefika sitini na moja. Bi Koili hakuinua vidole wala macho. Akaanza upya, moja.