Lifti ya Nguzo Mbili

"Ya magurudumu, sawa. Ya kufungwa sakafuni, hapana," Masese alisema tena. "Na nasema kwa Kiswahili ili hata mgeni asikie."

"Mgeni amesikia," Roselyne akamjibu kaka yake. "Sasa nyamaza nione hizi picha."

Mgeni alikuwa Calvince Odoyo, fundi aliyeuza na kufunga lifti za kuinulia magari kutoka duka moja mjini Kisii. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu katika gereji ya Roselyne, nje kidogo ya Marani. Alikuwa ameshapewa chai na Roselyne, kisha akapewa nyingine na Masese, na alikunywa zote mbili bila kuegemea upande wowote.

Gereji ilikuwa kwenye kona ya boma la marehemu baba yao, kando ya barabara. Ilikuwa ya mabati na miti. Roselyne aliijenga aliporudi kutoka kwa mume akiwa na watoto wawili, Lewis na Sheryl, na diploma ya ufundi wa magari. Nyuma ya gereji aliongeza chumba cha kulala, nacho cha mabati. Hakuna aliyemkataza. Binti aliyerudi nyumbani huruhusiwa mabati na miti, kwa sababu vitu hivyo vinaweza kung'olewa asubuhi na kufikia jioni viwe kwingine. Asichoruhusiwa ni simiti. Jambo hili halikuandikwa popote, lakini kila mtu kuanzia Marani hadi Daraja Mbili angeweza kukueleza.

Calvince alinyoosha simu. "Hii ya mkasi ina magurudumu, unaisukuma popote, lakini inafikisha gari kiunoni tu. Utafanya kazi ukiwa umepiga magoti. Ya nguzo nne ni imara, ila magurudumu ya gari yanakalia reli. Ukitaka kufungua breki unatafuta jeki nyingine. Ya nguzo mbili inashika gari tumboni, magurudumu yananing'inia, na wewe unasimama chini yake kama mtu. Lakini inataka zege nene na bolti."

"Nimelala juu ya katoni chini ya magari ya watu tangu nirudi," Roselyne alisema. "Nataka kusimama."

"Usimame hapa mpaka lini?" Masese akauliza. "Watoto wana kwao."

"Kwao wapi?"

"Kwa baba yao."

"Baba yao ana bibi mwingine na chumba kimoja. Nenda umuulize kama kuna nafasi ya kitanda, halafu uje unieleze."

Mama yao, Esnah, alikuwa mlangoni mwa jikoni akipukusa mahindi. Aliinua uso, akawatazama wote wawili, akarudi kwenye mahindi yake.

"Nguzo mbili," Roselyne akamwambia Calvince.

Zege lilimwagwa, likaachwa likauke sawasawa. Paa la mabati lilipandishwa ili gari lisigonge. Calvince alisimamisha nguzo, akatoboa sakafu, akakaza bolti, akajaza oili. Masese alitazama kazi yote kutoka upande wa pili wa ua wake, kati ya migomba.

Gari la kwanza lilikuwa Probox ya mwalimu mmoja. Calvince aliweka mikono minne ya lifti chini ya chesisi, akalitikisa gari kuhakikisha limekaa, kisha akabonyeza kitufe. Mota ikanguruma. Tumbo la Probox likapita usawa wa macho yao, likasimama juu ya vichwa. Roselyne akaingia chini yake, akanyoosha mgongo, akaanza kukagua ekzosi.

Ndani ya gereji hakuna aliyegundua kitu. Calvince alitoka kwenda kuchukua spana kwenye pikipiki yake, aliyokuwa ameiegesha barabarani, akakuta ukuta wa udongo mwekundu uliomzidi kimo. Alirudi.

"Mama Lewis, tumeshuka," akasema.

"Kiasi gani?"

"Kama mita mbili hivi. Gari liko palepale lilipokuwa. Ardhi ndiyo imeteremka."

Roselyne alitoka akaangalia, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuamini kazi ya fundi bila kuikagua. Ilikuwa kweli. Esnah alikuwa ameshafika ukingoni, leso mabegani, akitazama chini.

"Mko sawa?"

"Tuko sawa, Mama."

"Chai niwateremshie au mtapanda?"

"Tutapanda."

Calvince akabonyeza kuteremsha. Ardhi ikapanda polepole, ikarudi mahali pake, nyasi zikakutana na nyasi. Alisema hajaona lifti nyingine ya namna hiyo, lakini bolti zilikuwa zimeshika vizuri, na dhamana ya duka ilikuwa ya nguzo, mikono na mota tu. Kuhusu ardhi, duka halikuahidi lolote. Alikusanya vifaa vyake akaenda.

Siku zilizofuata Roselyne aliijaribu. Mikono ikiwa mitupu, ilipanda yenyewe na ardhi ikatulia. Pikipiki haikutosha kushusha chochote. Lori dogo la kubeba majani chai lilishusha ardhi kiasi kilekile ilichoshushwa na Probox. Majirani walikuja kuona ukuta. Juu kulikuwa na udongo mweusi, kisha mwekundu, kisha changarawe, na mizizi ya michai iliyoning'inia kama nyuzi. Watoto waliulizana kama mnyoo aliyekatwa katikati na ukuta atajiunga ardhi ikipanda. Ikapandishwa ili waone. Alijiunga.

Roselyne alitaka kujua jambo moja: kipande kinaishia wapi. Alitembea chini ya ukuta akiwa ameuwekea kiganja. Ukuta ulianzia barabarani, ukapita nyuma ya choo cha mama yake, ukafika kwenye mpera. Alidhani ungekata kona hapo, kwa sababu ndipo ua wa Masese ulipoanza. Ukuta uliendelea. Ulipita chini ya ua, ukauacha ukining'inia hewani na waya zake, ukachukua migomba yote na mistari ya chai hadi karibu na mtaro, ndipo ukakunja kurudi barabarani. Kona zilikuwa nne, na kila moja ilikuwa imenyooka kama kazi ya mtu aliyepima kwa kamba na hakuwa na haraka.

Aliipandisha ardhi, akamwendea mama yake jikoni.

"Mama, hicho kipande ni nini?"

"Ni chako," Esnah alisema. Alikuwa anachambua mawe kwenye wimbi la uji. "Baba yako alikipima kabla hajafa. Masese alikuwa ameshika upande mwingine wa kamba."

"Na hukuniambia?"

"Nilifikiri utaolewa tena."

Masese ndiye aliyeita wazee wa ukoo. Walikuja watano, mkubwa wao akiwa mzee Nyamweya, wakaomba kwanza washushwe ili waone wanachoamua. Walishushwa na viti vya plastiki, wakanywa chai huko chini. Nyamweya aligonga ukuta kwa fimbo yake akausifu kwa kunyooka. Kisha wakaanza kuuliza.

"Baba hakuniambia chochote," Masese alisema.

"Kamba ulishika?" Roselyne akamuuliza.

"Nimeshika kamba nyingi maishani. Hata ya ng'ombe."

Wazee wakacheka. Roselyne akawaambia wamuulize mama. Walimuuliza Esnah, aliyekuwa amesimama juu ukingoni, kama mumewe alimpimia binti yake shamba.

Esnah alimtazama Masese, kisha akatazama wimbi kwenye ungo.

"Siku hiyo nilikuwa jikoni," akasema.

Nyamweya alishauriana na wenzake kwa sauti ya chini, kisha akasimama. "Kikiwa chini, ni cha mashine, na mashine ni ya Mama Lewis. Kikiwa juu, ni cha boma, na boma ni la Masese." Wote walikubaliana kwamba hakuna aliyeonewa. Waliomba wapandishwe kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Basi ikawa hivyo. Gari likiwa juu ya lifti, Roselyne alikata ndizi. Gari likiondoka, Masese alichuma chai. Wateja walitoka hata Ogembo, wengine wakiwa na magari yasiyo na kasoro yoyote. Mashine haikuguswa siku ya Sabato. Ijumaa jua likikaribia kuzama ardhi ilipandishwa, na Jumamosi baada ya kanisa Masese alitembea juu yake, mikono nyuma, akiwaonyesha wageni wake mipaka.

Ijumaa moja mchana alikuja uani akiwa na furaha ya mtu aliyepata mkopo.

"Jumapili lori la mawe linakuja," alisema. "Nyumba za kupangisha. Vyumba vinne."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo kuna gereji, na kuna kitanda changu."

"Mabati yanatoka, si kazi. Lifti niuzie, au Odoyo aje afungue bolti. Jumapili kipande kitakuwa juu, na kikiwa juu ni changu, wazee walisema. Nyumba ya mawe haiwezi kupandishwa na kushushwa kila siku, Roselyne. Itapasuka."

Hilo lilikuwa kweli. Roselyne mwenyewe alikuwa ameshalifikiria.

"Kwa hivyo ukishajenga, hakishuki tena."

"Hakishuki tena," Masese alikubali. "Lakini karibu na Mama patakosa nafasi? Weka mabati yako pale."

Alipoondoka, Roselyne alimpigia Calvince simu.

"Zile kufuli za kwenye nguzo, zinazozuia gari lisishuke. Zikishashika, zinaweza kushikilia gari kwa muda gani?"

"Mpaka chuma kioze. Kwani kuna shida?"

"Hakuna."

Alikuwa na pikapu nyeupe. Ndiyo iliyomletea vipuri kutoka mjini, ndiyo iliyopeleka watoto shule matope yakizidi, na ndiyo kitu pekee alichotoka nacho kwa mume. Aliiingiza kwenye lifti, akaweka mikono minne chini ya chesisi, akaitikisa. Ilikuwa imekaa. Akaita watoto waje na mifuko yao ya shule.

"Tunakaa juu au chini?" Sheryl akauliza.

"Chini."

Akamwita mama yake. "Mama, unashuka na sisi?"

Esnah alikuja mpaka karibu na mpera. Alitazama nyumba ya Masese, yenye moshi wa jioni, kisha akatazama gereji.

"Nitakuwa nikiwateremshia chakula," akasema, akarudi hatua chache ili asisimame ukingoni.

Roselyne akabonyeza kitufe. Migomba ikashuka, chai ikashuka, chumba cha kulala kikashuka na kuku waliokuwa mlangoni. Kufuli zikashika, kwanza ya kushoto, kisha ya kulia. Akawasha mashine ya kukatia chuma, akaikata waya ya kufungulia kufuli. Kisha akazima swichi kuu, akaondoa fyuzi.

Masese alitokea juu akiwa na kikombe mkononi. "Roselyne! Sabato inaingia! Pandisha!"

"Imeharibika."

"Mawe yanakuja Jumapili!"

"Yamwagwe huko juu kwako."

"Na hiyo chai? Hiyo ni yangu hata ikiwa huko."

Roselyne akamgeuzia mgongo. Njia ya kutokea haikuwepo, na mteja hawezi kuruka. Alitazama ukuta wa upande wa barabara, akachagua mahali ambapo mteremko wa kuingizia magari ungekuwa mfupi, akaamua kwamba kama kaunti ina neno kuhusu barabara yake, italisema baadaye. Jua lilikuwa bado juu ya kilima. Akachukua sururu, akapiga pigo la kwanza, na udongo mwekundu ukamwagika miguuni mwake.