Shangazi, Simu ya Mama na Kioo cha Jirani

Kabla ya yote, tusimame kwa heshima tuikumbuke kamera ya simu ya kaka yangu. Likizo iliyopita ilielekezwa kwenye moto wa kuchomelea vyuma bila kinga yoyote, ikaaga dunia. Simu yenyewe ni nzima, inapiga na kupokea, ila kila picha inatoka na doa la zambarau katikati. Kaka ameposa binti wa watu kwa picha hizo hizo. Wakwe wanadhani ni alama ya kuzaliwa.

Nimeanza na msiba ili uelewe uzito wa maneno ya mama yangu asubuhi aliponikabidhi simu yake mpya.

"Ikirudi na doa," alisema, "wewe nenda zako bwenini. Usingoje shule zifunguliwe."

"Mama, ni kwa ajili ya shangazi."

"Ndiyo maana naogopa."

Mama na shangazi ni mawifi. Wanapendana sana, kwa umbali.

Shangazi ni fundi wa vyuma. Karakana yake ni bati juu, udongo chini, na katikati mashine ya kuchomelea inayonguruma kama mzee aliyeamshwa. Kwa miaka mingi ametengeneza vitanda, madirisha na uzio wa makaburi. "Wateja wangu waaminifu wote wamelala," hupenda kusema. Kwa hiyo mwalimu mkuu wa chekechea alipomwagiza geti kubwa, lenye ndege wa chuma juu yake, geti la barabarani ambalo kila mpita njia angeliona, shangazi alitembea wiki nzima kama bibi harusi.

Ndipo Bingwa alipofungua mdomo. Bingwa ni fundi wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo alijipa mwenyewe na kulichora ukutani kwa herufi kubwa kuliko mlango wake. Alimnong'oneza mwalimu mkuu kwamba shangazi hachomelei kitu, hupokea tu oda, na kazi hufanywa na wanaume uani. Mwalimu mkuu hakuweza kuwaacha watoto wake aje kuhakiki. Akampigia shangazi: "Nitumie video kabla ya kikao cha kamati mchana huu. Nikuone wewe mwenyewe ukichomelea, bila kukatakata. Vinginevyo kamati itampa Bingwa."

Shangazi ana simu ya vitufe. Nikaitwa mimi, msomi wa ukoo.

Shuleni tumefundishwa kuligawa tatizo kubwa vipande vidogo. Nikaligawa. Kamera inahitaji kioo cheusi. Kioo cheusi kimo ndani ya barakoa ya shangazi ya kuchomelea. Basi, kazi imekwisha. Nilikichomoa, nikaacha kile cheupe cha mbele cha kuzuia cheche, nikakibandika cheusi kwenye simu kwa gundi ya karatasi. Shangazi akachuchumaa, akashusha barakoa, akashika kijiti cha kuchomelea. Akatulia.

"Mheshimiwa."

"Naam, shangazi."

"Leo naona vizuri sana."

"Hongera, shangazi."

"Namwona mpaka paka wa jirani juu ya bati. Naiona pua yako. Na mimi humu ndani sijawahi kuona hata kidole changu kabla moto haujawaka. Kioo changu kiko wapi?"

Nilificha simu mgongoni. "Kimehamishwa kikazi."

Alikiweka kijiti chini polepole, kama mtu anayemlaza nyoka. "Yaani ulitaka mimi nipofuke ili simu ya wifi ione?"

Likitamkwa hivyo, kweli halikupendeza.

Hata hivyo, hesabu yangu ilikuwa na tundu jingine. Nilijaribu kumrekodi kupitia kioo kile, nikapata giza tupu. Kioo cheusi hakionyeshi chochote mpaka moto uwake, na moto ukiwaka unaona moto na mtu aliyefunikwa uso. Angeweza kuwa yeyote. Angeweza kuwa Bingwa. Ilibidi video ianze na uso wa shangazi ukiwa wazi, kisha barakoa na kioo cha kamera vishuke pamoja, kama pazia. Na ilibidi viwe vioo viwili. Duka la vifaa lilikuwa limefungwa. Kioo cha pili kilikuwa mahali pamoja tu mtaani.

Nilimkuta Bingwa akinywa chai kwa sauti.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wamekufukuza shule?"

"Likizo, fundi."

"Wote husema hivyo."

"Naomba kuazima kioo cheusi. Nataka kumrekodi fundi hodari kuliko wote mtaani."

Nilisema kweli tupu, na Mungu ni shahidi. Bingwa akaumuka kama andazi. Akaleta kioo cha akiba, akakipangusa kwa shati, na mafunzo juu: nisikae karibu, nisielekeze kamera moja kwa moja motoni bali kwa ubavu, na niifunike simu mwili mzima, "maana cheche inapenda kitu kipya."

"Tunaanza sasa hivi?" aliuliza, huku akijifuta makombo ya mkate kidevuni.

"Nakwenda kwanza kufanya majaribio pale kwa shangazi."

"Vizuri. Anza na wadogo."

Nilivuka barabara kwa unyenyekevu. Simu niliisimamisha ndani ya kopo la rangi lililojaa kokoto, juu ya stuli, mbali kidogo, upande wa ubavuni. Nikaivika soksi yangu ya shule, yenye tundu la kamera. Soksi ya bwenini haiogopi moto. Imeshapitia mabaya zaidi. Kioo cha Bingwa nilikibana kwa kibanio cha nguo juu ya tundu, kikawa kinapanda na kushuka kama kope.

"Haya, shangazi. Jitambulishe."

Mwanamke aliyewahi kumfukuza askari kwa bomba la chuma aliganda kama anapigwa picha ya kitambulisho. "Mimi," alisema, "ni... mimi."

"Shusha!"

Barakoa ikashuka, kioo kikashuka. Giza. Kisha nyota ya kijani ikawaka ndani ya skrini, ndogo, tulivu, na chini yake chuma kikayeyuka na kuacha mstari kama magamba ya samaki, gamba juu ya gamba. Nilisahau kutania. Kidogo tu.

Halafu barakoa ikaanza kusema.

"Eti sichomelei! Mimi! Bingwa gani ambaye geti lake la mwisho limefungwa kwa waya? Mlango aliomtengenezea mkwewe haufungi, wanauegemezea kinu! Bingwa wa kunywa chai, huyo!"

Nilipunga mikono. Haoni. Nilikohoa. Hasikii. Kukata hakuruhusiwi. Mwishowe moto ukazimika, vifuniko vikapanda, na uso wa shangazi ukatokea umelowa jasho, ukitabasamu.

"Imetoka?"

"Imetoka. Na matusi yametoka."

"Matusi gani?"

"Shangazi, wewe husema ukiwa kazini."

"Mimi?"

Mtaa mzima unajua, isipokuwa mwenyewe. Nilimsikilizisha. Alifunika mdomo kwa glavu. Kikao kilikuwa karibu kuanza na mashine ilikuwa imeanza kutoa moshi; kurudia haikuwezekana.

"Tuma," alisema. "Nisipotuma, nimeshindwa. Nikituma, basi nimeshindwa huku nikisema kweli."

Tukatuma. Tukangoja. Simu ilipoita niliiweka kwenye spika, na wakati huohuo Bingwa akaingia amevaa shati safi, tayari kwa zamu yake.

"Fundi, tumeona," sauti ya mwalimu mkuu ilisema, watoto wakilia nyuma yake. "Mimi nimeamini. Lakini wajumbe wanasema pale kati, kabla moto haujawaka, kuna giza. Wanadai hapo ndipo mlipobadilisha mtu."

Shangazi alifungua mdomo ajibu, lakini Bingwa alimwahi.

"Giza gani?" Bingwa alifoka. "Hicho ni kioo changu! Kioo halali, hakina hata mkwaruzo! Nilisimama mlangoni kwangu tangu mwanzo nikikilinda kwa macho. Hakuna mtu aliyebadilishwa!"

"Nani huyo?"

"Bingwa!"

"Kwa hiyo, Bingwa, ulimwona yeye mwenyewe akichomelea?"

Bingwa alitazama kioo chake, akanitazama mimi, akatazama ule mstari wa magamba ya samaki uliokuwa uking'aa pale chini.

"Nilimwona," alisema. "Na ile iliyofunga geti langu si waya. Ni nondo nyembamba."

Vicheko vya kamati nzima vilijaa karakana. Geti likawa la shangazi.

Jioni nilimrudishia mama simu yake. Aliigeuza pande zote, akanipiga picha palepale, akaikuza mpaka nikawa pua peke yake. Hakuna doa. Akaridhika. Kisha akaipeleka sikioni kumpigia wifi yake hongera, akaisogeza mbali haraka.

"We mtoto," alisema, "mbona simu yangu inanuka miguu?"