Mkono wa Mwakilishi wa Kisheria

Saa moja kasorobo asubuhi Thoa alikuwa anamimina supu kwenye bakuli la tisa, la mwalimu wa hesabu asiyependa vitunguu, mkono wake wa kulia ulipouachia upawa, ukapanda hadi usawa wa macho na kuanza kuandika hewani. Uliandika jina lake lote, Tran Thi Kim Thoa, kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema, ukamalizia kwa mkia mrefu chini ya herufi ya mwisho. Kisha ukaandika tena. Mwalimu aliinamisha kichwa asipigwe kiwiko, akauopoa upawa kwenye sufuria kwa vijiti vyake, akawa anahesabu saini.

"Kumi na nne," alisema mkono uliposhuka. "Leo kampuni imeuza."

"Imeuza," alijibu Thoa, akammalizia supu yake.

Kampuni yenyewe ilikuwa na umri wa miezi mitatu. Iliuza maua ya vyungu, maana hapa mjini Sa Dec hata nyumba isiyo na chungu cha kupikia haikosi vyungu vya maua, na makao yake makuu yalikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Thoa, yaani meza nne za tambi, jiko, na madhabahu ya Babu wa Ardhi, mlinzi wa nyumba, pale sakafuni. Kwenye karatasi mwenye kampuni alikuwa Thoa. Kwenye mambo mengine yote alikuwa mdogo wake, Khiem, ofisa wa ofisi ya kata. Sheria inamkataza mtumishi wa umma kuanzisha kampuni au kuiongoza. Haimkatazi kuwa na dada.

Kwetu kuazima jina la ndugu ni jambo la kawaida kama kuazima ngazi. Khiem alikuja Jumapili moja na boksi la keki.

"Dada, niazime kitambulisho chako."

"Cha kufanyia nini?"

"Kuna kitu kidogo nataka kuandikisha. Utakuwa mkurugenzi."

"Mkurugenzi! Na sufuria zangu atasugua nani?"

Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akakitoa kitambulisho. Thoa aliacha shule darasa la tatu akauze tambi na mama yao ili Khiem asome, na tangu hapo alikuwa amezoea kumpa vitu bila kuuliza mara mbili. Khiem alikipiga picha mbele na nyuma. Thoa akatia saini karatasi tisa, kila mahali mdogo wake alipoweka kidole, na kila saini aliiandika polepole, ulimi nje.

Cheti kilitoka baada ya siku tatu. Ikafuata kuchonga muhuri, kufungua akaunti ya benki, kumchukua mhasibu, kuomba kibali cha kutoa risiti za kielektroniki, na kununua saini ya kidijitali, ambayo ni kidude kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kitie saini ya mkurugenzi kwenye kila risiti na taarifa. Mhasibu, Bi Quyen, alikuwa mama mnene anayeshughulikia kampuni thelathini kutoka chumba kimoja cha ghorofani, na saini za wakurugenzi wote thelathini alizitunza ndani ya kopo la biskuti. Siku alipokichomeka kidude cha Thoa ili kuwasilisha taarifa ya kwanza ya kodi, Thoa alikuwa sokoni anachagua mchicha. Mkono wake uliuacha mchicha, ukatia saini mara moja, ukarudi kwenye mchicha.

Alikwenda zahanati. Daktari aliukunja mkono, akaukunjua, akauliza kampuni ni ya wanahisa wangapi. Alipoambiwa ni ya mmiliki mmoja, akasema hizo ndizo zinazochosha mkono, akaandika dawa ya kuchua.

Basi mtaa ukazoea. Thoa alijifunza kuchota supu kwa mkono wa kushoto. Wateja walijifunza kukaa upande wa ukutani mwisho wa mwezi. Aliyepata tabu ya kuzoea alikuwa Khiem. Kila alipokuja kunywa supu na mkono ukapanda, alijua ni mauzo yake yanayotiwa saini, tena mengine yalikuwa vyungu alivyoiuzia ofisi yake mwenyewe, na alikula akiwa ameutazama ukuta. Alikuwa na aibu, jamani, tusimsingizie kwamba hakuwa nayo. Ila aibu yake ilikuwa ya kukaa, haikuwa ya kusimama.

Kulikuwa na hatua moja zaidi, ya kutundika bango la kampuni kwenye makao makuu. Khiem alilichapisha vizuri, herufi za njano kwenye bati jekundu, akalitundika juu ya mlango saa saba mchana, akapiga picha tatu za kuweka kwenye faili, na saa saba na dakika kumi akaliteremsha. Bosi wake wa kata alikuwa mteja wa tambi za Thoa. Bango likaingizwa uvunguni mwa kitanda, uso chini.

"Akija mtu akiuliza kampuni," alimwambia dada yake, "sema hapa hakuna kampuni."

"Na wewe ukiniuliza?"

"Dada, acha utani."

Kampuni ilipoingia mwezi wa nne walikuja vijana wawili wa ofisi ya kodi, wamevaa mashati meupe, na folda mkononi. Walitazama juu ya mlango. Hapakuwa na kitu ila misumari miwili iliyotokeza. Wakauliza kampuni ya maua iko wapi. Thoa akajibu kama alivyofundishwa, kwamba hapa hakuna kampuni, wanangu, hapa ni tambi tu, mmekula? Walikuwa hawajala. Aliwawekea nyama ya ziada, na walipomaliza walishukuru, wakajaza fomu kwamba mlipa kodi huyu hapatikani kwenye anwani aliyoandikisha, wakaondoka.

Wiki mbili baadaye mkono ulinyamaza. Siku ya kwanza Thoa alidhani ni Jumapili. Siku ya tano alishika upawa kwa mkono wa kulia, wateja wakampigia makofi. Alitoa sindano akashona viguo sita vya mtoto, vidogo kama soksi, kwa kuwa binti yake Duyen, aliyeolewa Taiwan, alikuwa amebakiza siku chache ajifungue uzazi wa kwanza. Kwetu mzazi hukaa ndani mwezi mzima, na wa kumkanda na kumpikia ni mama yake. Mama mkwe wa Duyen alikwishafariki. Huko hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumpikia binti huyo nyama ya pilipili manga, na kila akipiga simu alikuwa anauliza swali moja.

"Ma, utakuja kweli?"

"Nimeshakata tiketi, we mtoto. Unataka niote na mabawa?"

Khiem alijua kwa nini mkono umenyamaza. Bi Quyen alikuwa amempigia siku ileile. Ofisi ya kodi imeifunga namba ya kodi ya kampuni, alimwambia, na mwakilishi wa kisheria wa kampuni iliyofungiwa, yaani mkurugenzi wa kwenye karatasi, anaweza kuzuiwa kutoka nje ya nchi. Khiem alisema atalishughulikia baada ya sikukuu. Sikukuu ikapita. Duyen akajifungua msichana. Siku ya safari Khiem alimbeba dada yake kwa pikipiki hadi kituo cha basi la Saigon, begi lililojaa manjano, tangawizi na pilipili manga likiwa katikati yao, na njia nzima alijiambia kwamba kompyuta za uwanja wa ndege huenda hazina habari. Angeweza kusimamisha pikipiki akamwambia. Kulikuwa na taa nyekundu nne.

Kompyuta zilikuwa na habari. Ofisa wa uhamiaji alimtazama Thoa, viatu vyake vya plastiki miguuni na begi linalonuka tangawizi, akaitazama skrini, akamuuliza kama yeye ni mkurugenzi. Thoa akasema ndiyo, kidogo. Akapewa karatasi ya kuelezea sababu na kuonyeshwa mlango aliouingilia.

Alirudi kwa basi la mchana. Khiem alimkuta anamenya vitunguu, viatu vya safari bado miguuni.

"Ulijua?" aliuliza Thoa.

"Nilijua."

Thoa aliendelea kumenya. Khiem alingoja atukanwe, maana matusi yangempunguzia, lakini dada yake alisema tu kwamba kesho ampeleke kunakotakiwa, maana yeye hajui ofisi hizo.

Kwenye dirisha la tatu la ofisi ya kodi alikaa mmoja wa wale vijana wa mashati meupe. Alimtambua mara moja.

"Shangazi, si wewe uliyetupa tambi?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Tukakuuliza kampuni iko wapi. Ukasema hapa hakuna kampuni."

"Nilisema."

"Na humu mkurugenzi ni wewe. Sasa shangazi, ulikuwa unajificha mwenyewe?"

Foleni nzima ikacheka. Thoa, ambaye katika miaka yake hamsini na mitatu hakuwahi kumpunja mtu hata jani la kitunguu, aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alikuwa ameshikwa uongo mbele ya watoto wa watu, na uongo wenyewe haukuwa wake.

Kijana akaona amemchoma. Akashusha sauti. "Tuambie tu, shangazi. Nani anaiendesha hasa hii kampuni? Kama jina lako limeazimwa, sema, tunaandika hapa, na habari ya uwanja wa ndege tunamgeuzia huyo aliyeliazima. Hata keshokutwa unaweza kuwa umesafiri."

Khiem alikuwa amesimama kwenye mtungi wa maji ya kunywa, kikombe cha karatasi mkononi. Kutoka pale hadi dirishani ni hatua nne. Alizihesabu. Akaona ofisi yake, meza yake ya mwisho karibu na dirisha, pensheni yake ya miaka kumi na tisa. Aibu ilimjia kwa nguvu kiasi kwamba masikio yaliwaka, na alitaka ardhi immeze hapo hapo, lakini hakutaka kuzipiga hatua nne.

Thoa hakugeuka kumtazama.

"Kampuni ni yangu," alisema. "Nilisahau."

"Ulisahau kampuni?"

"Nina mambo mengi."

Khiem alikinywa kikombe. Hakikuwa na maji.

Kijana alivuta pumzi, akamsomea yanayotakiwa. Kwanza barua ya kuomba namba ifunguliwe, na maelezo ya kwa nini kampuni haikupatikana. Kisha faini. Kisha bango, litundikwe na libaki, nao watakuja kulikagua na kuandika kumbukumbu. Kisha taarifa zote zilizopitwa na muda ziwasilishwe. Baada ya hapo ndipo itaandikwa barua ya kuondoa zuio la safari, ambayo inapita ofisi nyingine, na ya huko yeye hayajui. Thoa alisema asante, akamwambia apite ale siku yoyote.

Bango likatoka uvunguni. Khiem alilitundika mwenyewe, juu ya ngazi, akiwa amevaa kofia ya pikipiki ili asitambulike, na kila aliyepita alimsalimia kwa jina. Kesho yake bosi wa kata alikuja kwenye supu yake, akalisoma bango lote hadi namba ya simu, ambayo ilikuwa ya Khiem.

"Dada yako amepiga hatua," alimwambia Khiem ofisini. "Mwambie atuletee vyungu ishirini vya ukumbini."

Namba ya kampuni ilifunguliwa Jumatano, na mkono ukarudi kazini siku hiyo hiyo. Barua ya uwanja wa ndege haikuwa imetoka. Bi Quyen alisema hizo zina mwendo wake. Khiem alimuuliza pia, kwa sauti ya chini, jinsi ya kumbadilisha mwakilishi wa kisheria. Bi Quyen akasema ni fomu moja tu, rahisi, inataka jina la mtu mwingine. Khiem akasema atafikiria, na Bi Quyen, ambaye alikuwa amesikia neno hilo kutoka kampuni ishirini na tisa nyingine, akafunga kopo lake.

Mtoto alitimiza mwezi siku ya Ijumaa. Duyen alipiga simu ya video saa tano asubuhi ili mama yake aione karamu ya mwezi, sahani kumi na mbili za wali mtamu zilizopangwa na mume wake, kombo, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwelekeza. Duyen alikuwa amekonda. Alisema amekuwa akijipikia, si vibaya, ila chumvi humzidi. Thoa alitoka nyuma ya jiko, akamwita Khiem aje amshikie simu, kwa kuwa vyungu ishirini vilikuwa vimepelekwa asubuhi ile na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapanda.

Duyen akamwinua mtoto mbele ya kioo cha simu. Alikuwa na nywele nyingi, na ndita kama za mtu anayedai chenji.

"Mpungie bibi," alisema Duyen.

Thoa alipunga kwa mkono wa kushoto. Alipunga vibaya, kama watu wanavyofanya na mkono wasiouzoea, na pembeni yake ule mwingine uliandika jina lake lote na mkia chini ya herufi ya mwisho, kisha ukaanza upya.

"Ma, mbona unapunga na wa kushoto?"

"Wa kulia uko kazini," alisema Thoa. "Msogeze karibu, simuoni vizuri. Khiem, usitikise simu."

Khiem akaishika kwa mikono miwili.