Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Ingekuwa gauni moja, wangecheka yakaisha. Lakini zilikuwa sare kumi na mbili za wauguzi, na kila moja ilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Malkia alikata kitambaa bila kukikunja, akasahau kuigeuza karatasi ya kukatia, akarudia kosa lile lile mara kumi na mbili bila kushtuka. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, na yeye ameshika mkasi tangu ana miaka tisa!

Jina la Malkia alipewa na kaka yake, tangu alipoanza kuamka mchana na kuiacha chai ikapoa mezani. Nyumba nzima ikalidaka. Mwanzoni naye alicheka. Siku hizi akiingia sebuleni mazungumzo yanakatika, na hajui amewakosea nini.

"Haya, tueleze," kaka alisema, sare zote kazitandaza mezani. "Ulikuwa unawaza nini?"

"Sijui."

"Kila siku sijui! Mama, mimi nimechoka kumbeba mtu mzima."

Malkia alitaka kujitetea, akakosa pa kuanzia. Alikumbuka kukata mkono wa kwanza. Baada ya hapo, giza tupu. Mgonjwa? Hana homa. Mvivu? Pengine. Watu waliomlea wangekosea vipi?

Mama, fundi aliyewafundisha wote wawili, alikuwa akifumua mshono kwa wembe. Hakuinua macho. "Kuanzia kesho cherehani yako ataitumia binamu yako. Wewe kaa nyumbani mpaka akili ikurudie."

Cherehani ile Malkia aliililia miaka minne. Ilipoletwa, ole wake aliyeigusa. Kaka mwenyewe aliwahi kuchapwa naye kwa rula ya mbao kwa kulizungusha tu gurudumu lake. Kwa hiyo kaka alirudi nyuma hatua mbili, akangoja vita. Malkia naye aliungoja uchungu. Akaitazama cherehani, akaitazama tena. Uchungu haukuja, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

"Mama," alisema, "mmeninyang'anya cherehani na siumii."

"Unamsikia?" kaka alidakia. "Kiburi hicho!"

"Si kiburi. Natafuta pa kuumia, sipaoni. Mama, nina nini?"

Mama ni mtu wa majibu, hata kwa maswali ambayo hajaulizwa. Safari hii aliweka wembe chini, akamtazama binti yake: macho yaliyoingia ndani, shingo iliyobaki mifupa. Wanafanya kazi chumba kimoja kila siku, na alikuwa hajayaona hayo. Kaka alimtazama mama, akamtazama dada yake, asijue amkaripie nani.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?" mama aliuliza.

"Ningekwambia naumwa wapi?"