Vigae vya Ploti ya Matisi

Shamira alikuwa akitengeneza kadi za harusi na kalenda katika duka la uchapishaji, hatua chache kutoka msikiti wa Kitale, Levi Wakhungu alipomtafuta tena. Ilikuwa Machi 2009, na hawakuwa wameonana kwa miaka tisa. Levi sasa alikuwa mwalimu wa kompyuta huko Bungoma. Katika barua pepe yake alimweleza kwamba alikuwa anaunda gemu, si ya kisasa bali ya zamani, kama zile walizocheza nyumbani kwa kina Shamira, na kwamba alikuwa amekwama kwa sababu mkono wake haujui kuchora.

Zile gemu za zamani zilikuwa na historia yake. Babake Shamira, Abdihakim, alikuwa fundi wa redio. Mwaka wa 1994 mteja mmoja alimletea mashine ya gemu ya kuunganishwa kwenye runinga, pamoja na kaseti moja ya manjano yenye gemu, kisha hakurudi tena kuichukua. Abdihakim alingoja miezi mitatu, akaitengeneza, akawaachia watoto. Familia nane zilipanga katika ploti ile ya Matisi, mtaa wa Kitale, kila moja na chumba chake, na kila alasiri watoto wa vyumba vyote walijazana kwenye chumba cha fundi, macho kwenye kile kimtu kidogo cha vidoa vidoa kilichokuwa kikirukaruka. Levi, mtoto wa chumba cha pili, alikuwa hafukuziki.

Kazi aliyoombwa Shamira ilikuwa ya vigae. Ndivyo Levi alivyoziita zile picha ndogo za mraba ambazo kompyuta huzipanga kando kwa kando, kama fundi anavyopanga sakafu, mpaka ziwe mji mzima. Kila kigae kilikuwa na pikseli, vile vidoa vya skrini, kumi na sita kwenda juu na kumi na sita kwenda kando, na rangi zote za gemu zisizidi kumi na sita, kwa sababu mashine za zamani hazikuweza zaidi. Levi alitaka ngome na misonobari. Shamira akamwandikia kwamba ngome hajawahi kuiona, lakini ploti anaijua. Levi hakubisha.

Akawa anabaki dukani saa moja baada ya kazi. Alianza na mchanga wa uwanjani akadhani ni rahisi. Alipaka kahawia, akaweka pikseli moja nyeupe iwe kijiwe, akapanga vigae mia, na kile kijiwe kikajirudia mara mia kwa mistari iliyonyooka kama askari kwenye gwaride. Akakifuta. Ilimchukua wiki mbili kujua kwamba mchanga mzuri ni ule ambao jicho halishiki popote. Mabati yakaja kwa mistari ya mwanga na kivuli, na vidoa vitatu vya kutu. Mfereji wa maji ukahitaji vigae viwili vya kupokezana, tone likiwa limening'inia, tone likiwa limeanguka. Alipouona ukidondosha maji kwenye skrini, Shamira aliondoa mkono kwenye mausi akakaa tu. Ploti yenyewe ilikuwa imebomolewa mwaka wa 2003, na mahali pake pakajengwa ghorofa la kuuza vifaa vya ujenzi.

Ugomvi ulizuka kwa sababu ya mlango. Shamira aliuchora mlango wa kina Levi kwa rangi ya buluu. Levi akasema ulikuwa wa kijani, na kwamba yeye ndiye aliyelala nyuma yake miaka kumi. Wakaandikiana kuhusu mlango ule kwa muda mrefu kuliko jambo lolote jingine, mpaka Levi akasema wamuulize mamake.

Jentrix alikuwa akiishi Kamukuywa, kwenye shamba alilonunua alipohama Matisi. Walikutana kwake Jumapili moja baada ya kanisa. Shamira alimwamkia, akakumbatiwa, akaulizwa habari za babake na kama bado anajichoma vidole kwa ile risasi ya kuunganishia waya. Ndipo akatoa picha ya ploti, aliyoichapisha dukani kwenye karatasi kubwa, na Jentrix akaitandaza kwenye meza na kuinama juu yake.

"Hiyo mlango haikuwa buluu wala kijani," akasema. "Ilikuwa mbao tupu, imepauka. Hiyo rangi mnasema ni ya pazia, na pazia nilibadilisha."

Levi alicheka. Mamake hakucheka. Kidole chake kilikuwa kikitembea juu ya karatasi, kutoka chumba hadi chumba, akitaja nani aliishi wapi, kisha kikafika pembeni mwa bafu na kusimama. Akauliza mbona huku nyuma hakuna kitu. Shamira akajibu kwamba hakumbuki kama kulikuwa na kitu.

"Kulikuwa na ukuta wa madebe," Jentrix akasema. "Hapo ndipo nilikuwa naenda kulia, ndio huyu asinione."

Levi aliangalia sakafu. Bila haraka, Jentrix akawaeleza kwamba babake Levi alipoondoka bila kuaga, yeye alibaki na mtoto, stovu moja na kibarua cha kupepeta mahindi huko Endebess. Alisema wao wanaikumbuka ploti ile kwa kicheko, na hiyo ni sawa, walikuwa watoto na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Yeye alipokuwa akifunga mizigo hakugeuka nyuma hata mara moja. Shamira alimsikiliza huku uso ukimwaka moto. Yeye alikuwa ameikumbuka ploti nzima kwa ile kaseti moja ya manjano. Alimuuliza kama angependa auweke ukuta ule, au auache.

"Chora ukuta," Jentrix akasema. "Mimi usiniweke."

Ukuta wa madebe ulimgharimu Shamira siku nne. Kama Jentrix alivyoeleza, madebe yalikuwa yamekunjuliwa na kupigiliwa ovyo, hakuna mawili yaliyolingana, kwa hiyo alichora vigae sita tofauti badala ya kimoja. Alipaka mlango rangi ya mbao iliyopauka. Akaongeza na kamba za nguo, na gunia la kujifutia miguu mbele ya kila chumba.

Agosti, Levi akaazima kompyuta ndogo ya kubeba, na wote wawili wakarudi Kamukuywa. Jentrix alivaa miwani, akaonyeshwa vitufe vya kubonyeza, na kimtu cha gemu yao kikaanza kutembea. Kilipita mferejini. Kilifika mbele ya mlango wake kikasimama kidogo, kisha kikazunguka nyuma ya bafu, na pale pia kikasimama. Shamira na Levi hawakuthubutu kutazamana. Halafu kikaondoka moja kwa moja mpaka getini, kikatoka, na skrini ikawa nyeusi tupu.

"Huku nje hakuna kitu?"

"Bado sijachora, Mama Levi."

"Basi chora barabara," Jentrix akasema, akivua miwani. "Mimi nilitoka hapo."

Shamira alirudi Kitale akachora barabara, hadi Kamukuywa. Alichora lami iliyomeguka kando, mahindi ya kimo cha mtu, uzio wa katani, na mawingu mbali upande wa Mlima Elgon. Gemu ilikamilika mwezi wa Desemba. Levi akaiweka kwenye mtandao, watu mia mbili hivi wakaipakua, na mmoja wa mbali akaandika kusifu mchanga. Wanafunzi wa Levi waliicheza mpaka wakaichoka. Lalamiko lao lilikuwa moja, na Levi akampigia simu Shamira kumfikishia: ile barabara ni ndefu mno, mtu anatembea dakika nne nzima bila adui wala zawadi, je, waikate?

Shamira akamwambia aiache hivyo hivyo.