Sindano ya Saba

Fundi alikuwa na sindano saba za mkono, si sita wala nane, na hakuwahi kuinuka kitini kabla ya kuzihesabu kwenye kijimto chake. Hata moto ungewaka jikoni, angefika saba kwanza ndipo apige kelele. Mumewe, kinyozi, alimtania kwamba siku ya kufa angemwomba mtoa roho asubiri kidogo amalize hesabu. Alicheka naye, lakini hakuacha. Nyumba yenye watoto wawili na paka, na cherehani katikati ya sebule, haitaki mchezo.

Na watoto walikuwa na sheria yao. "Atakayegusa sindano zangu," aliwaambia kila siku, tena kwa jicho kali, "sikukuu atashinda ndani na nguo ya kulalia, wenzake wakipita nje wamependeza." Aliona hilo ni onyo la kutosha. Hakuwa mama wa kupiga.

Basi ilibaki siku moja tu kabla ya sikukuu. Nguo za watu zilining'inia kwenye milango, kwenye misumari, hata kwenye fimbo ya pazia, na wenyewe walikuwa wanakuja mmoja baada ya mwingine kama waliopigiwa kengele. Gauni la buluu la bintiye mwenyewe lilikuwa bado halijapindwa. Mganga hajigangi. Fundi alishona kwa mikono miwili na mdomo: akitaka kukunja pindo, sindano inabanwa midomoni, akimaliza kukunja, inarudi kazini. Alifanya hivyo tangu ujana wake, na alikuwa hajui tena kwamba anafanya.

Binti huyo, wa miaka sita, aliitwa Chiriku, maana tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza ila usingizini, na hata huko alikuwa na mazungumzo yake. Mdogo wake wa miaka miwili alikuwa Bwana Ndiyo. Unataka kulala? Ndiyo. Unataka kuamka? Ndiyo. Paka aliitwa Mkaguzi, kwa kuwa hakuna sufuria iliyofunuliwa nyumbani humo bila yeye kuja kuikagua.

Saa sita mchana mteja mmoja alibisha hodi kwa fujo, akaanza kulalamika nje kabla hata mlango haujafunguliwa. Fundi akachomeka sindano kijimtoni, akainuka. Hakuhesabu. Ndiyo mara ya kwanza tangu Chiriku azaliwe. Robo saa nzima alimbembeleza yule mama, akamfungia nguo yake, akamsindikiza na tabasamu la kulazimisha. Aliporudi akahesabu: sita.

Akahesabu tena. Sita. Akachukua sumaku, akaiburuta sakafuni, chini ya kochi, ndani ya mikunjo ya mkeka. Zilipatikana pini tatu na ufunguo uliokuwa umepotea tangu mwaka jana. Ndipo akainama chini ya meza na kumkuta Bwana Ndiyo ameketi, anatafuna kipande cha uzi wa buluu kwa raha zake.

Akamvuta kutoka chini ya meza.

"Umekula sindano?"

"Ndiyo."

"Umeimeza?"

"Ndiyo!"

Bibi, mama mzaa kinyozi, alikuwa akichambua mchele kwenye kigoda. "Muulize na cherehani," akasema.

"Umekula cherehani?"

"Ndiyo."

Siku nyingine wangevunjika mbavu. Siku hiyo hakuna aliyecheka, maana mtoto anayekubali yote hawezi kukusaidia kujua hata moja. Fundi akageuka. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, amemkumbatia Mkaguzi hadi paka katoa macho.

"Wewe umeiona sindano yangu?"

Chiriku akatikisa kichwa. Fundi akaridhika na jibu hilo, wala hakujiuliza tangu lini mtoto yule anajibu kwa kichwa.

"Mpe mkate mkavu," alisema Bibi. "Utaisukuma iteremke."

"Mama, itamtoboa!"

"Sisi tulilelewa vipi?"

Fundi alikuwa ameshamnyanyua mtoto. Alimpigia mumewe simu, naye akaacha kiti na kichwa cha mtu kimenyolewa upande mmoja, akaja na teksi. Waliingia hivyo hivyo, Fundi na pini bado zimechomekwa begani, Bwana Ndiyo mapajani akishangilia gari. Chiriku alijipenyeza nyuma na paka wake, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumteremsha.

"Na huyu naye mgonjwa?" mlinzi wa hospitali aliuliza, akimtazama Mkaguzi. Walimpita mbio.

Mpiga picha za eksirei alikuwa anafunga mlango, shati la sikukuu ameshalivaa kabisa. Alipoona uso wa Fundi akafungua tena bila kuuliza maswali mengi. Bwana Ndiyo alilazwa, akashikwa mikono na baba yake, akaambiwa atulie. "Ndiyo," alisema, akapiga mateke.

Walingoja kwenye benchi. Fundi alikuwa anajilaani kimoyomoyo. Kuhesabu mpaka saba kunachukua muda gani? Sekunde nne? Kwa sekunde nne alikuwa ameuza utumbo wa mwanawe ili mteja asinune. Kinyozi alimshika mkono, na mkono wake mwenyewe ulikuwa na vinywele vya mtu asiyemjua.

Mlango ukafunguka. "Mtoto hana kitu," alisema mpiga picha. "Shingo, kifua, tumbo, vyote safi. Hakuna chuma."

Fundi alilia, akacheka, akamkumbatia Bwana Ndiyo hadi akapiga chafya. Kinyozi akajifuta jasho na kutafuta pa kupeleka furaha yake, akampata paka. "Na wewe Mkaguzi, nani kakuvalisha tai?"

Fundi akatazama. Shingoni mwa paka kulikuwa na utepe wa kitambaa cha buluu, masalio ya gauni la Chiriku. Ulikuwa umepindwa nusu, kwa mishono midogo iliyopangana vizuri kuliko ya mwanafunzi wa mwaka mzima. Nusu ya pili haikuwa imeshonwa. Uzi uliishia hewani.

Hebu fikiri, paka anajipinda. Mkono mmoja umemshika, wa pili umeshika utepe. Sindano unaiweka wapi? Fundi alijua. Alijua kwa midomo yake mwenyewe.

"Chiriku."

Mtoto akainua macho. Kidevu chake kilikuwa kimelowa mate, na mate hayo hakuwa akiyameza. Tangu saa sita hakuwa amesema neno hata moja, yeye, Chiriku, na watu wazima watatu walikuwa wameushukuru utulivu huo.

"Mwanangu, uliibana mdomoni? Kama mimi?"

Chozi likateremka. Kichwa kikaitikia, polepole sana, kwa kuwa shingo ilikuwa inauma.

Safari hii mpiga picha alikimbia. Kwenye picha sindano ilionekana imesimama kooni, nyeupe, imenyooka. Daktari wa koo akaitwa kutoka nyumbani kwake. "Asiongee, asinywe, asimeze chochote," alisema. "Hata kipande cha mkate kingeizamisha." Fundi akakumbuka mkate mkavu wa Bibi, akatazama sakafu, na Chiriku akasukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu mpaka milango miwili ikajifunga nyuma yake.

Dakika hamsini. Fundi alizihesabu zote.

Daktari alipotoka alikuwa ameishika kwenye kisahani. "Imetoka nzima. Amechubuka kidogo tu, atapona." Fundi hata hakuitazama sindano. Aliomba kumwona mtoto. Nesi akamvalisha joho la kijani, kofia na barakoa, akamwingiza chumba cha watu wanaozinduka.

Chiriku alikuwa anafumbua macho na kuyafumba, bado dawa ya usingizi inamyumbisha. Aliona nguo ya kijani imeinama juu yake.

"Nesi," alinong'ona, sauti inakwaruza.

Fundi akainama zaidi. Akamshika mkono.

"Nesi, usimwambie mama."

"Nisimwambie nini?"

"Sindano. Sikukuu nitashinda ndani. Sema... sema nina homa."

Mkono wa Fundi ulikuwa umeshafika kwenye barakoa ili aivue. Akauteremsha. Aliogopa kwamba mwanawe, akimwona uso, atashtuka.

"Sitamwambia," alisema.