Sifuri ya Mijusi

Jumatatu saa mbili asubuhi, mtafiti alifungua droo ya meza yake kutafuta stepla, akamkuta mjusi wa msituni amejilaza juu ya fomu. Akaifunga taratibu. Kufika saa nne walikuwa arobaini na mmoja, wamepanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake, wakisubiri kuhesabiwa.

Mjusi huyo haishi popote duniani ila kwenye msitu mmoja wa kisiwa kimoja. Hula mchwa, hutaga mayai mawili chini ya gogo bovu, na akikamatwa huacha mkia akaenda zake. Kumhesabu, unafukia ndoo mpaka mdomo ulingane na ardhi, akipita, anatumbukia. Mtafiti alifukia ndoo ishirini. Mvua ikanyesha, akazifunika, akalala nyumba ya wageni siku tisa, na vifuniko akavisahau kabisa. Kwenye ripoti ya kuamua kama msitu ukatwe, akaandika sifuri.

Shangazi yake, mfagizi wa ofisi hiyo, akasimama na ufagio.

"Hawa wageni wako?"

"Wangu, shangazi."

"Basi wahesabu waondoke, nina kazi mie. Kila nikimgusa mmoja ananiachia mkia. Nimejaza ndoo!"

Akawahesabu. Kila aliyehesabiwa alirudi mwisho wa foleni, maana hakuna kilichoandikwa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akaenda kwa mkuu wake kuomba ripoti irekebishwe kabla msitu haujakatwa.

Mkuu aliinua miguu, mijusi wapite. "Hewala, turekebishe. Ila lazima tutaje sababu. Niandike nini?"

Vifuniko. Neno jepesi, hata mtoto analitamka.

"Ngoja nifikirie, mzee," akasema.

"Mficha uchi hazai!" shangazi akapaza sauti kutoka koridoni.

Saa nane akaja mkandarasi wa kukata miti. Alikuwa anataka sahihi moja tu ya mtafiti kwenye kibali. Akamsogeza mjusi mmoja kitini, akaketi.

"Nasikia hakuna mjusi hata mmoja kule?"

Wote arobaini na mmoja walimtazama mtafiti, wakipepesa polepole, kwani aina hiyo ina kope.

"Hakuna," akajibu, akatia sahihi bila kuinua macho. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkandarasi akashukuru, akawavuka mijusi kwa adabu, asimkanyage hata mmoja, akaenda kuwasha misumeno.